Tundu Hushonwa

Stima ilikatika saa nne na robo, chuoni Tudor,
projekta ikafumba jicho
katikati ya picha niliyoihangaikia wiki nzima:
lango la kiini cha seli chini ya darubini ya elektroni,
kijivu, mviringo,
kama alama iachwayo na kikombe cha kahawa mezani.
Feni ikazunguka kwa mazoea, ikaacha.
Katana akasema, "Mwalimu, Mungu hataki protini leo."

Nikafungua mkoba. Ndani, kwenye gazeti,
kofia ya viua ya shangazi yangu Bi Mwanaate,
ya mteja wa Kibokoni ambaye hajamaliza salio;
nilikuwa naipeleka kwa dobi ikatiwe wanga.

Nikaiinua dirishani. Jua likapenya
kwa vijitundu mia na kitu, likatapakaa ukutani.
Huu, nikasema, ni utando wa kiini.
Na viua hivi si kasoro ya kitambaa.
Shangazi huniambia tangu nilipokuwa sijui kushika sindano:
"Tundu, mwanangu, halitobolewi. Tundu hushonwa."

Mbeyu akasogea, akahesabu mishono ya kiua kimoja.
Saba. Akahesabu cha pili. Saba.
Nikacheka: shangazi hushona saba, seli hushona nane.
Nane kwa hamira, nane kwa chura,
nane kwako wewe uliyechelewa kuingia.
(Kwa chura wamewahi kuona tisa.
Hata seli hupotewa na hesabu.)

Pete tatu zimelaliana:
moja yatazama nje, moja yatazama ndani,
ya kati imeukumbatia utando pale unapojikunja.
Protini aina thelathini hivi,
zikirudiwa, zikirudiwa,
hata tundu moja likakusanya kama elfu;
nyingine zina umbo la herufi Y,
kichwa cha hii kimeuma mkia wa ile.
Upande wa ndani, kikapu kinaning'inia.

"Na mlinzi yuko wapi?"
Huyo ni Ochola, ambaye babake hukagua pasi
kwenye geti la bandari, Kilindini.

Hakuna mlinzi, Ochola. Kuna nyuzi.
Nyuzi zisizokubali umbo lolote,
fenilalanini, glisini, fenilalanini, glisini,
kama mtu avutaye tasbihi usingizini.
Zimelijaza tundu, zagusana, zaachana.
Kidogo hupita bila hodi: maji, chumvi, sukari.
Kikubwa hukwama,
ila kikija na mwenyeji wake, importini,
ajuaye kuugusa kila uzi na kuuomba radhi,
kama mtu apitaye chini ya kanga zilizoanikwa
kichochoroni Kuze, mikono yote miwili imeshika sinia.

Ochola hakuridhika. "Kwa hivyo lango ni fujo?"
Nikaandika ubaoni: *Ukingo ni mpango, katikati ni fujo.*
Nikaitazama. Nikaifuta.
Haikuwa kweli ya kutosha.

Jambo moja sikuwaambia.
Seli za ubongo hazigawanyiki.
Kwa panya waliopimwa, protini za kiunzi cha lango
hazibadilishwi kama nyingine:
alizokuwa nazo mchanga, nyingi ndizo azeekazo nazo.
Zikianza kuchakaa, lango hulegea,
na visivyoalikwa huingia kiinini
vikajikalia.

Stima ilirudi wakishaondoka.
Picha ikajitokeza yenyewe ukutani, kubwa kuliko mlango,
mbele ya viti vitupu.

Usiku nilifungua kasha la marehemu baba,
nikatoa kofia aliyoshonewa na dadake ya harusi.
Nikakaa chini ya taa, kidole kwenye kiua, nikahesabu.
Nane.
Kingine. Nane.
Chumba cha pili Bi Mwanaate alikuwa akiniita
kwa jina la mama yangu,
aniulize kama nimeshakula,
mara ya tatu tangu isha.

Kofia ya Kibokoni ilitoka kwa dobi Alhamisi,
imesimama kwa wanga, nyeupe.
Mteja akaijaribu, akajitazama kwenye kioo cha gari,
akalipa salio.
Hakuhesabu.